Fundi wa dari aliyemkana mdoli wake

Saa mbili asubuhi, Melkizedeki Msengi yuko juu ya jukwaa la mbao, shingo ameilaza nyuma, mikono miwili imeinua ua la jasi lenye upana wa sinia. Chini yake ni ukumbi wa jengo jipya mjini Nduguti, wilayani Mkalama. Analizungusha ua kidogo, anafumba jicho moja, kisha analibana darini na kuomba skrubu.

"Kosa la dari halifichiki," anasema bila kutazama chini. "Mtu akiinua macho tu, amekuona."

Kwa miaka 14 fundi huyu mwenye umri wa miaka 41, mzaliwa wa Kinampanda, amekuwa akimimina na kupachika dari za jasi. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ndevu zake, mikono yake, hata kope zake ni nyeupe. Mwezi wenye kazi hurudi nyumbani na Sh400,000. Mwezi usio na kazi hurudi na hadithi.

Habari za dari huzisimulia kwa sauti ya kusikika barabarani. Lakini akiulizwa kuhusu kazi ile nyingine, aliyoifanya Jumapili 11 mfululizo nyuma ya nyumba yake, anashuka jukwaani kwanza, anaangalia kama wenzake wako mbali, ndipo anajibu.

"Nilitengeneza mdoli," anasema, na macho yanakwenda sakafuni.

Chanzo ni bintiye Eliana, mwenye miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu. Mwaka jana alinunuliwa gulioni mdoli wa plastiki mwenye miguu mikavu kama mpini wa jembe. Kila akimkalisha kwenye benchi kanisani, mdoli aliteleza mpaka miguuni kwa watu.

"Akaniambia, 'Baba, wewe unatengeneza maua ya dari. Mdoli anayejua kukaa ndiye atakushinda?'" anakumbuka Melkizedeki.

Alicheka. Kisha wiki nzima hakucheka tena, akawa anafikiria viungo.

Jibu alilipata mezani. Akiwa anakula paja la mbuzi, aliona jinsi kichwa cha mfupa kilivyo duara na kinavyozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Mfupa ule ulioshwa, ukaanikwa, ukawa mwalimu wake. Ili apate magoti na viwiko vya duara, alivunja chupa za rolioni za mkewe, zile za manukato ya kwapa, na kuchomoa gololi zake.

"Alisema ni chupa tupu," anaeleza mkewe, Winfrida. "Moja niliinunua juzi yake."

Udongo wa kufinyangia aliutoa Kinampanda, akachonga kwa kijiko na spoku ya baiskeli. Uso peke yake ulimla Jumapili tatu. "Pua ilinitesa," anasema. "Maua hayana pua."

Baada ya hapo alitengeneza kalibu za jasi, kila kipande na kalibu yake ya pande mbili, akazipaka mafuta ya kula, akamimina. Hapo ndipo mazoea yalipomponza. Fundi wa dari huchanganya jasi na nyuzi za katani ili dari isipasuke, na mkono wake ukatia katani bila kumuuliza mwenyewe. Mdoli wa kwanza akatoka na nyuzi zimechomoza kila kwenye kiungo, magoti hayakunjiki wala hayakunjuki. Isitoshe, alimimina bila kuacha tundu la kupitisha mpira wa kushika viungo.

"Alikuwa na ndevu magotini," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Mzito hivi kwamba mpaka leo ndiye anayezuia mlango wa banda la kuku."

Akaanza upya, bila katani. Safari hii katikati ya kila kipande alilaza spoku iliyopakwa mafuta, akaichomoa jasi ilipoanza kushika. Vipande vilikuwa 14. Ndani ya vikombe vya viungo alibandika ngozi ya kiatu kikuukuu visisagane, akapitisha ukanda wa tyubu ya baiskeli kutoka kichwani hadi miguuni, akauvuta na kuufunga. Jumapili ya 11 alimweka mdoli kwenye kigoda, na mdoli akakaa.

"Eliana alimwinamia," anasema. "Alimkunja goti, akamkunjua, akamkunja tena. Halafu akaushika mkono wangu huu, akauweka shavuni kwake."

Ingekuwa heri mambo yangeishia hapo.

Juma lililofuata Eliana alileta chakula cha mchana kazini, mdoli kwapani. Aliwaamkia mafundi sita shikamoo, wakaitikia marahaba. Idrissa, fundi rangi ambaye mdomo wake haulali njaa, akamchukua mdoli na kumkunja miguu.

"Nani katengeneza hiki?" akauliza. "Isije ikawa ni Melki anacheza midoli na ndevu zote zile!"

Wakaangua kicheko. Melkizedeki anasema uso ulimwaka moto, na mdomo ukamtangulia.

"Mimi? Muda huo naupata wapi? Katumiwa na shangazi yake wa Arusha."

Fundi mwenzake, Chediel, akamgeukia mtoto. "Eti kweli, mama?"

Eliana alimtazama baba yake. Kisha akajibu, "Ndiyo. Shangazi wa Arusha."

Eliana hana shangazi Arusha.

"Mimi ndiye niliyemchapa mwaka juzi kwa kudanganya habari ya sukari," anasema fundi huyo, sauti imefifia. "Siku ile akawadanganya watu wazima sita kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu, na bado naiona. Chakula sikukila."

Mtoto hakulia wala hakununa. Mwalimu alipomuuliza habari za mdoli, alijibu Arusha. Kanisani pia, Arusha.

"Njia ya mwongo ni fupi," anasema Winfrida, bila kumwonea mumewe huruma, "lakini huyu kamwachia mtoto ndiye aitembee."

Melkizedeki alijaribu kuomba radhi. "Nilimwambia, 'Mwanangu, siku ile nilikosea.' Akanijibu, 'Usijali baba, sitamwambia mtu.'"

Anajifuta uso kwa kiganja na kujipaka jasi zaidi.

Mwanzoni mwa mazungumzo haya aliomba jina lake lisitajwe, aandikwe tu "fundi mmoja wa Mkalama". Anajua kwamba kila siku wakati wa chai ya saa nne Idrissa huwasomea wenzake gazeti kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Lakini mwandishi anapofunga daftari, mkono wenye jasi unaliwahi.

"Futa ile ya fundi mmoja," anasema. "Andika Melkizedeki Yeremia Msengi. Weka na ndevu."

Anapanga kwamba siku gazeti litakapotoka hatapanda jukwaani kabla ya chai. Atakaa chini na wenzake, mdoli amempakata, Idrissa asome mpaka mwisho. Ana ombi moja tu: nakala ya kwanza impitie Eliana, kwa kuwa kusoma anajua.

"Asome yeye kabla ya wote," anasema. "Mwandikie kwamba sasa anaweza kumwambia mtu yeyote."