Mwalimu Wetu wa Kunyamaza

Mwalimu wetu wa udijei ana somo moja tu: DJ hodari hufunga mdomo, muziki uongee. Somo hilo hulitoa kwa maiki, katikati ya wimbo, akijitaja kwa jina lake la jukwaani kwa madaha huku kidole chenye pete kikiibembeleza mashine kama kichanga. Kwenye sherehe ya vijana wa mtaa alimwachia binti mmoja mashine. Maiki hakuiachia ng'o. Binti, kwa adabu zote, akaizima maiki hiyo kimyakimya palepale kwenye mashine. Mwalimu, hedifoni zikimziba masikio, akabwabwaja wimbo mzima. Ukumbi ukacheza hadi vumbi likatimka.

"Umeona, mwanangu?" akasema akijifuta jasho. "Bila mdomo wangu, hawa wangekaa kama wamefiwa."

"Kweli, mwalimu," binti akajibu. "Wimbo ujao ongea hivyohivyo."