Rozari ya Watawa Waliofukuzwa

Nilikuwa nasonga ugali, zamu ya usiku kazini kwangu Flemingsberg ikinisubiri, simu ikalia. Binti yangu alikuwa amempeleka mama mkwe wangu, mgeni wetu huku ughaibuni kutoka Bukavu, kuona kanisa la kale la Riddarholmen.

"Mama, Bibi amegoma kutoka, na mlinzi anataka kufunga."

Kumbe binti alikuwa amemsimulia bibi yake kwamba zamani pale palikuwa nyumba ya watawa, mfalme akawafukuza, na baadaye kanisa likawa la kuzikia wafalme.

"Na hao watawa, nani anawaombea?" Bibi akauliza.

"Hakuna, Bibi."

Basi akapiga magoti na kutoa rozari.

"Mwambie hapo hakuna misa siku hizi," nikasema.

"Mlinzi amemwambia. Bibi amejibu, ndiyo sababu."

Watawa walifukuzwa karne nyingi zilizopita, na wa kuchelewa kazini kwa ajili yao ni mimi.

Walifika ugali umeanza kupoa. Nikapakua, nikahesabu vichwa: mume, watoto watatu, mama mkwe. Wote wapo. Nikakata tonge.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama mkwe akasema, akitoa rozari. "Yule mlinzi alinivumilia mafungu manne ya sala. Limebaki la tano."