Mke wa Susu

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Nikisema hivyo mjini watu hucheka, kwa hivyo huwa naeleza polepole. Susu, yaani nyanya yangu, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki na kumwachia shamba kule Ikutha, alifanya walivyofanya wanawake wengine wa Kikamba: alipeleka mbuzi wake mwenyewe kwa wazazi wa mama, akamposa, akamleta nyumbani ili watoto atakaozaa wawe wa nyumba ile. Baba aliyenizaa simjui, wala sijawahi kumtafuta.

Mama alimwita susu mwaitu, kama anayemwita mama yake mzazi. Susu naye akitoka sokoni, ndizi ya kwanza kutoka kikapuni ilikuwa ya mama. Mimi nilingoja yangu.

Nilipokuwa darasa la saba, shemeji yake susu alikuja na wazee wawili wa ukoo. Alikunywa chai akamaliza, ndipo akasema, "Nyumba hii haina mwanamume. Shamba lirudi kwetu."

Mama aliinama, akaanza kukusanya vikombe. Susu akamshika mkono.

"Keti hapa." Kisha akamgeukia shemeji yake. "Siku ya kupeleka mbuzi ulinisindikiza. Ulikula kwao ukashiba. Leo umesahau huyu ni wa nyumba gani?"

Mzee mmoja akakohoa. "Ni kweli," akasema. "Hata mimi nilikuwepo."

Susu hakungoja wabadilishe maneno. Wiki hiyohiyo alivaa viatu vya kanisani, akampeleka mama kwa chifu, halafu Kitui kwenye ofisi ya ardhi. Walienda na kurudi zaidi ya mwaka mzima. Hati ilipotoka ilikuwa na jina la mama. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea. Akaniambia nirudie hapo penye jina lake. Nilirudia mara nne.

Miaka ya mwisho susu alipooza upande mmoja. Mama alimwogesha kila asubuhi, akamtoa nje apate jua. Siku moja, nikichagua ndengu kando yao, nilimsikia susu akiuliza, "Hukujuta kuletwa kwangu?"

Mama aliendelea kumpaka mafuta.

"Mwaitu," akasema, "hebu lete huo mguu mwingine."