Panya Aliyeachwa kwa Mama

Nakumbuka vizuri siku niliyogombezwa mbele ya watu na muuguzi mzee, mwanangu, na aibu niliyoona siku hiyo mpaka leo ninayo. Kaa hapa kwenye benchi kwanza. Najua umeninunia kwa sababu asubuhi niliwazuia akina mama wa jirani wasiingie kwa baba yako. Nuna tu, lakini sikiliza. Baba yako amepasuliwa ngiri juzi, na tangu amerudi nyumbani kila mgeni unamfunulia shuka aone nyuzi. Mimi shangazi yako nilishafanya mambo kama hayo kabla hujazaliwa. Nilimfanyia panya.

Cheka, umalize, niendelee.

Ilikuwa miaka ya vita. Baba yako, kaka yangu Radjabu, alikuwa kijana asiyetulia mahali. Akalima shamba la muhogo siku moja, akachimbua shimo lenye vitoto viwili vya panya wa porini, wale wakubwa tunaowaita motomba. Mama yao alikuwa amekimbia. Mtu mwingine angewatia chunguni. Yeye akawalea kwa uji, akiutia mdomoni mwao tone kwa tone, mpaka wakawa wanampanda mabegani na kumtafuta mifukoni. Kisha akapata wazo la kwenda mji wa Kama kuchimba dhahabu. Akamwachia bibi yako wale panya, akamwambia, "Mama, unitunzie hawa. Miezi miwili nitakuwa nimerudi."

Miezi miwili! Vita vikafunga njia zote. Treni ikaacha kufika hapa kwetu Kindu, na kutoka Kama hakuja hata mtu wa miguu wa kutuambia kama kaka yuko hai. Mwaka ukapita hivyo.

Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa. Mwanamke wa sala tano, nyumba yake huoni hata unyoya chini. Sisi motomba hatumli, lakini majirani wengi wanamla, na njaa ilikuwa kali. Haikupita wiki bila mtu kupiga hodi akimtaka mmoja wa mchuzi. Mama alikuwa akiwajibu kwamba wale ni amana ya mwanawe. Alilisema hilo neno mara nyingi hata yule panya mkubwa tukamwita Amana, na ndugu yake, ambaye hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina, tukamwita Mwenzake. Kila asubuhi Mama alikitazama kikapu chao kabla ya jambo lolote. Amana akila vizuri, Mama alisema na Radjabu leo amekula. Mwanzo tulimtania. Baadaye tukaacha, maana habari nyingine ya kaka hatukuwa nayo.

Basi Amana akaota uvimbe chini ya kwapa. Ulianza kama punje ya hindi, ukawa kama limau, akawa anatembea upande. Mama akakonda pamoja naye. Nikamkuta siku moja amepakata kikapu, akaniambia bila kunitazama, "Hii ikikufa, mutoto wangu akirudi nitamuambia nini?" Niliielewa vizuri hofu yake. Aliona panya akifa, na Radjabu hatarudi. Ni fikra tu za mama, lakini nenda kamwambie mama hivyo.

Nikambeba Amana. Sisi tulikuwa tunakaa huku Alunguli, na muuguzi aliyejua kushona alikuwa ng'ambo ya mto, kwa hiyo nikapanda mtumbwi na kikapu chini ya kitenge. Kwenye gati askari akataka kuona nilichobeba. Alipoona, akafurahi sana, akauliza napeleka kwa nani kupikwa. Nikamwambia ni mgonjwa, ana uvimbe. Akarudisha kifuniko haraka kuliko alivyokifungua.

Muuguzi mwenyewe alikuwa Papa Kalumba, mzee mrefu, mkali, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilidhani atanifukuza. Akamgeuza Amana, akaubonyeza ule uvimbe, akauliza ni wa nani. Nikamweleza yote, habari za Radjabu na za Mama. Akasema ana dawa ya usingizi iliyobaki chini ya chupa, imepita tarehe yake, mtu hathubutu kumchoma nayo. Akampasua palepale juu ya sinia iliyochemshwa, akautoa uvimbe mzima, akashona nyuzi nane kwa uzi wa cherehani.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Kikapu kiwe na kitambaa safi, kisiwe na majani wala vumbi. Akae mahali pa joto. Chakula laini kidogo kidogo. Halafu akainua kidole, akasema, "Akae peke yake siku saba. Muntu asimufunue-funue."

Sasa sikiliza ujinga wangu. Wewe unajua kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Mtu akilala kitandani, mikeka inatandikwa, watu wanajaa mpaka mlangoni, na yule asiyefika anahesabiwa kuwa na kinyongo. Mimi nimekulia humo. Nikamtazama Amana amejikunja peke yake kwenye kikapu kipya, anatetemeka kwa sababu ile dawa inamtoka, na Mwenzake upande wa pili wa chumba anakwaruza kikapu chake akimtafuta. Roho iliniuma. Nikasema moyoni yule mzee ni mkavu, hajui upendo. Na majirani nao walikuwa wamesikia, wakaja, nusu kwa kicheko na nusu kwa pole. Kila aliyekuja nikamfunulia kitambaa. Nilijisikia mtu wa maana, kusema kweli. Mwisho, Mama alipotoka kwenda kisimani, nikamchukua Mwenzake nikamtia ndani ya kikapu cha mgonjwa ili amliwaze.

Wakalala wamegusana pua. Nikafurahi mpaka machozi, nikaenda zangu shambani.

Niliporudi mchana Mwenzake alikuwa anamlamba ndugu yake. Alimlamba kwa bidii, kama wanavyolambana siku zote, na kila alipokutana na uzi aliuvuta kwa meno. Nyuzi sita hazikuwapo. Kidonda kilikuwa wazi, kitambaa kimelowa damu. Mwenzake akanitazama bila wasiwasi wowote. Hakuwa amefanya ubaya, alikuwa anauguza mgonjwa, vilevile kama mimi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo, foleni ya kisimani ilikuwa imemshika mpaka saa hizo. Akaweka ndoo chini, akaketi palepale kwenye udongo, yeye ambaye hakuwahi kuketi bila mkeka.

Nikavuka mto mara ya pili, nimekikumbatia kikapu hata mwenye mtumbwi akaniuliza nimefiwa na nani. Pale kwa Papa Kalumba palikuwa na watu wengi wanaongoja. Akafunua kikapu, akaniuliza nani alimtia mwenzake humo. Nikasema ni mimi, kwa huruma. Akavua miwani.

"Ulimuhurumia yeye, ao ulijihurumia weye?"

Watu wote wakanitazama. Jibu nililijua, mwanangu. Amana hakuomba wageni. Aliyeshindwa kuvumilia ule upweke ni mimi.

Dawa ya usingizi haikubaki tena. Nikamshika Amana ndani ya taulo, amefunikwa macho, mzee akaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kutia nyuzi nne tu. Amana alilia kwa sauti nyembamba, na kila alipolia nililia naye. Kisha Papa Kalumba akakata soksi ya mtoto, akatoboa matundu mawili ya miguu ya mbele, akamvika kama fulana ili asikifikie kidonda. Akanirudisha nyumbani na kazi moja: kuketi kando ya kikapu, kutomgusa ila kukiwa na sababu, kutomwita mtu.

Niliketi siku saba. Weee, kuketi ni kazi ngumu! Mikono inataka kufunua, mdomo unataka kumwita jirani. Nilibadilisha kitambaa asubuhi na jioni, nikampa uji wa muhogo wenye tone la mawese kwenye ncha ya kidole, na asipoutaka nikaondoa kidole. Mwenzake alikaa katika kikapu chake karibu kidogo, waweze kunusana bila kufikiana. Mama alikaa upande wa pili na tasbihi yake. Siku mbili za kwanza hakunisemesha. Siku ya tatu Amana akalamba kidole changu, akataka tena, na Mama akaniambia sogea, nami nimpe. Siku ya nane tukamvua soksi, na kidonda kilikuwa kimeshikana.

Baba yako alirudi majira ya mvua yaliyofuata, kwa miguu, mifupa mitupu, dhahabu hana hata chembe. Alipofika mlangoni, kabla ya salamu, akauliza kama panya wake wapo. Bibi yako akampiga na mwiko mara mbili, ndipo akamkumbatia. Kisha akamletea kikapu, akakiweka miguuni pake kama mtu anayetua mzigo wa mwaka mzima, akalia mbele yetu wote kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Tandika mikeka huku nje, wageni wapokee kwa heshima zote, chai wanywe, salamu zao wewe uzipeleke. Usimfunue baba yako kumwonyesha mtu. Kitambaa chake kichemshe. Asipotaka kula, ondoa sahani bila kununa, utaileta tena baadaye. Na kila mara moyo ukikusukuma kumfanyia jambo, jiulize kwanza unamtuliza nani. Likiwa lake, lifanye haraka. Likiwa lako, kaa chini.

Unaniona mkavu, kama nilivyomwona yule mzee. Lakini umeangalia mimi nimekaa wapi tangu asubuhi? Ni kaka yangu wa pekee, nasikia anakohoa mle ndani, na mlango huu hapa, mkono wangu unaufikia.

Nenda sasa, kitambaa chake kinataka kubadilishwa. Mungu akupe mikono myepesi na moyo wa kungoja, akurudishie baba yako mzima, na siku yako ya kuugua ikifika, upate mtu wa kukulinda bila kelele. Mimi niko hapa kwenye benchi.