Atafungwa Garissa

Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na Habiba alikuwa amekalia dumu lake la maziwa nje ya lango la hospitali, akinicheka. Alinicheka kila asubuhi. Mimi ni Mtaita, nimezaliwa kwenye baridi ya milimani, na kwake mtu anayechemsha maziwa ya ngamia kabla ya kuyanywa alikuwa kituko.

"Sista Mkamburi, wewe naogopa maziwa kama dawa," alisema. "Kunywa tu. Iko na moshi ndani. Hiyo moshi naua ugonjwa yote."

Hospitali yetu, upande wa Banissa, ilikuwa ndogo: wodi mbili na chumba kimoja cha upasuaji. Nilikuwa muuguzi wa vidonda, na juu ya kazi hiyo nilikuwa na utafiti wangu wa masomo, kuhusu wafugaji wanavyoishi baada ya upasuaji unaoutoa utumbo nje ya tumbo. Maswali niliyopewa niwaulize yalikuwa yametungwa na watu wa mjini. Moja lilisema, "Je, hali yako inakuzuia kutoka nyumbani?" Mgonjwa mmoja alinijibu kwamba nyumba yake hutoka pamoja naye, mgongoni mwa ngamia. Nilipomsimulia Habiba alicheka hadi maziwa yakamwagika. Nililifuta swali lile siku hiyohiyo, na ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka kucheka naye bila kuwa na jambo jingine moyoni.

Koo mbili zilikuwa zikigombania kisima kwa muda mrefu. Wazee walikaa, wakala kiapo, wakaachana vizuri. Kisha mtu mmoja akauawa malishoni, na mwingine akauawa kulipiza, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena. Mgeni ni kuku mweupe, na sisi wafanyakazi wa kutoka bara, tusio Wasomali, tulijua tunaonekana kutoka mbali, lakini mwanzoni ugomvi haukuwa wetu. Tulipokea majeruhi wa pande zote mbili, tukawalaza wodi moja kwa sababu hatukuwa na nyingine ya wanaume.

Habiba alipigwa risasi akitoka kukamua. Mumewe, Issack, alimleta kwa mkokoteni wa punda, mkono wake ukiwa umebana tumbo la mkewe. Daktari wetu alikata kipande cha utumbo kilichochanika, akautoa mwisho wake nje ya ngozi, upande wa kulia wa kitovu. Choo kingepitia hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Haikuwa hali ya maisha. Baada ya miezi michache, ndani kukishapona, mpasuaji wa Garissa angeurudisha utumbo mahali pake na kulifunga lile tundu.

Habiba aliliita mdomo wa pili. "Watu iko na mdomo moja na nasema uongo," aliniambia. "Mimi iko na mbili, na hii ya chini haina adabu kabisa."

Mzaha ulikuwa wa kunipa mimi moyo. Alichokitaka ni kimoja tu, kurudi langoni na dumu lake. Wanawake wenzake wa sokoni walikuja kumtazama, wakamletea tende, na mmoja wao akamwambia peupe kwamba hakuna mtu atakayenunua maziwa kwa mwanamke ambaye choo chake kiko mbele. Kuhusu sala, sheikh alimtuma mtu kumwambia kwamba mwenye udhuru hutia udhu kwa kila sala, kisha husali, na Mungu anapokea. Habiba akashukuru. Lakini aliposimama kusali, wale waliokuwa karibu walisogea, naye aliona.

"Lini, sista?" ndilo lilikuwa swali lake kila nilipombadilishia mfuko. "Lini narudisha ndani?"

Nilimfundisha yote niliyoyajua. Kuosha kwa maji ya vuguvugu, bila sabuni kali. Kukata tundu la mfuko lilingane na utumbo, kwa sababu maji ya utumbo mwembamba huunguza ngozi kama magadi. Kula wali mweupe ili choo kishike. Na zaidi ya yote, kunywa maji yenye chumvi na sukari, hata asiposikia kiu, maana mtu wa namna yake hukauka kama ngozi iliyoanikwa, tena upesi. Alijifunza haraka kuliko wauguzi niliowahi kuwafunza.

Kisha barabara ikawa haipitiki. Mifuko ikaisha. Tukafunga glavu kwa vitambaa, tukakata mifuko ya plastiki, na ngozi yake ikawa nyekundu, kisha ikachubuka. Nilikuwa nikimsafisha huku ameuma shuka. Siku zile askari nao walikuwa wakipita wakiuliza ni nani ana jeraha la risasi na amelipataje. Mdogo wake Issack alikuwa na kovu begani. Walimchukua, ikasemekana yuko Garissa, na hakuna aliyemwona tena.

Waliovamia hospitali walikuja baada ya sala ya adhuhuri.

Mlio mmoja, kisha mingi. Dirisha la wodi likaanguka ndani.

Nilimvuta Habiba chini ya kitanda.

Wakaingia watu wawili. Niliona miguu tu, kandambili na vumbi. Walikuwa wakitafuta majeruhi wa upande wa pili.

Ndipo tundu likaguruma. Halina msuli wa kulizuia, halijui kungoja. Habiba alilikandamiza kwa viganja vyote viwili, na glavu ikabanduka.

Mmoja aliinama. Akatuona. Akaona na kilichomwagika, akajifunika pua kwa kilemba.

"Huyu amekwisha," alimwambia mwenzake kwa Kisomali.

Wakatuacha. Mtu wa kitanda cha pembeni, aliyevunjika mguu, hawakumwacha.

Habiba hakulia wakati risasi ilipomwingia, wala ngozi ilipochubuka. Alilia hapo, chini ya kitanda, wakati hatari ilikuwa imeshapita. "Hata mtu ya kuua watu nanikimbia, sista," alisema. Nilivuta shuka la kitandani, nikaanza kumsafisha.

Issack alimchukua, akampeleka kwa jamaa zake nje ya mji. Siku iliyofuata jeshi lilifika, na amri ikaja kwamba wafanyakazi wote wa kutoka bara waondoke na msafara. Nilimpigia simu mpasuaji wa Garissa, nikamsihi, nikamsumbua, hadi akakubali kumpokea Habiba na kulifunga tundu lake mara tutakapofika. Nilipiga kelele kwa furaha katika ukumbi wa hospitali uliojaa vioo vilivyovunjika. Nilikuwa nikiwaandaa wagonjwa wengine kwa safari, kwa hiyo nikamwomba dereva wa ambulensi, Mutua, amwendee Issack na gari la wanajeshi waliokuwa wakielekea huko.

Mutua ni Mkamba mpole, mtu asiyejua kumwinulia mwenzake sauti. Alirudi akitabasamu.

"Nimempata," alisema. "Nimemwambia asikawie, amlete mama, atafungwa Garissa. Alinishika mkono, akasema sawa."

Sikusikia kibaya chochote katika maneno yale. Wodini ndivyo tunavyosema: fulani anafungwa Jumatatu, fulani alifungwa vizuri.

Tulingoja. Mkubwa wa msafara aliangalia saa, akaangalia jua. Nilimwambia kuna mama anakuja, ni mgonjwa, hawezi kukosa. Alinipa muda, kisha akaniongezea mwingine, na mwishowe akasema kwamba ana roho nyingine za kulinda zaidi ya hiyo moja. Hakuwa mtu mbaya. Machela ya Habiba ilikwenda tupu hadi Garissa.

Nilipanga chumba mtaa wa Waberi, hapohapo Garissa, nikapewa kazi katika wodi ya upasuaji. Mlingoti wa simu wa kule Banissa ulikuwa umeangushwa baada ya sisi kuondoka, kwa hiyo niliishi kwa kuuliza. Niliuliza madereva wa malori, wauza mbuzi, kila aliyesema ametoka huko. Mifuko mipya ilikuwa imefika, makasha mawili, na kila nilipofungua moja nilimfikiria yeye na vitambaa vyake.

Issack alikuja mvua zilipokwisha kunyesha. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, bakora kati ya magoti, na nilipomwona yuko peke yake nilijua. Nilikaa karibu naye.

"Bole, sista," alianza yeye, kana kwamba msiba ulikuwa wangu.

Alinisimulia polepole. Saa ileile Mutua alipoondoka, alimpandisha Habiba juu ya punda, wakakimbilia kwenye kambi ya ng'ombe, mbali na barabara, kuelekea mpakani. Chumvi na sukari walikuwa nazo. Maji ndiyo yalikuwa shida, kwa sababu kisima kilikuwa mikononi mwa wale wengine. Mfuko ulijaa na kumwagika, ukajaa na kumwagika, vitu vyepesi kama maji. Habiba alimwambia anahitaji kunywa. Alimwambia sista alisema. Macho yalimzama. Mwishowe akawa anasinzia, na wakati wa kuhama haukumkuta hai. Walimzika hapohapo.

Ukiniuliza kilichomuua, nitasema ni kukauka maji mwilini, na nikiwa mbele ya wanafunzi ndivyo ninavyosema, kwa kuwa ni kweli. Naweza kusema pia ni risasi, ni barabara, ni kisima. Nimewahi kukaa na kuvipima vitu hivi vyote, na kila kimoja ni kizito, lakini hakuna nilichoweza kukikasirikia kikanitosha. Mutua hajui hadi leo. Anafikiri Habiba alichelewa.

"Kwa nini hamkuja?" nilimwuliza Issack.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Dereva nasema atafungwa Garissa. Nyuma yake majeshi, na bunduki. Ndugu yangu nachukuliwa hivyo hivyo." Akanigeukia. "Sista, mimi nataka kujua tu. Nimetoka mbali kwa hii neno. Habiba nafanya makosa gani, serikali natafuta yeye?"

Nilifungua kinywa nimweleze, nikatafuta neno. Kwa Kiswahili mlango hufungwa, kidonda hufungwa, tumbo hufungwa, na mtu hufungwa. Nikajaribu Kisomali changu kidogo, na nacho kikanipa neno moja lilelile la kufunga mlango na kumfunga mtu. Alikuwa akinisubiri. Niliona uso wake, nikaona atakavyokuwa nikishamaliza kueleza.

"Hakufanya kosa lolote," nilimwambia.

Issack aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa.

"Mimi najua," alisema. "Ndiyo nikamficha."