Siku Niliyoosha Kokoto kwa Sabuni

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka naona haya mpaka leo. Ni siku niliyoosha bustani kwa sabuni. Usicheke kwanza, ngoja nifike.

Nilikuwa kijana. Utasema mtu wa miaka arobaini si kijana, lakini mama yangu alikuwa bado ananiita “we mtoto”, na kwa kichwa nilichokuwa nacho wakati ule hakukosea. Kazi yangu ilikuwa ufundi bomba. Bomba likipasuka mtaani kwetu Mabatini, watu walisema kamwiteni fundi, na fundi mwenyewe ni mimi. Sasa mtu akisifiwa kila siku huanza kuamini kwamba anajua hata asiyoyajua.

Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa akiishi peke yake kule kijijini Usagara. Siku moja akateleza kisimani asubuhi, akalala pale pale mpaka jioni ndipo akaonekana. Nikasema basi, haishi tena peke yake. Nikamleta kwangu. Nyumba yangu unaijua ilivyokaa juu ya majabali. Uani hupati udongo wa kujaza hata kopo. Alikuja na begi moja, jembe lake, na kibuyu cha kugandishia maziwa. Jembe nikaliweka stoo. Kibuyu kilikuwa kinanuka uchachu na ndani kimekuwa cheusi, nikakitupa jalalani, nikamnunulia jagi jipya la plastiki lenye kifuniko. Mama alilitazama lile jagi, akasema, “Asante, mwanangu.” Nami nikajiona mtoto mwema kweli kweli.

Wiki zikapita. Mwanamke aliyelima maisha yake yote akawa anakaa kwenye ngazi akitazama mawe. Siku moja akaniambia, “Mvua zikianza, narudi Usagara. Mikono yangu inaoza hapa.” Nilishtuka. Nilijua akirudi na akianguka tena, huenda asionekane mapema.

Katika kuhangaika ndipo nikaona kwenye simu watu wanalima bila udongo. Samaki wanakaa kwenye tangi, pampu ndogo inapandisha maji yao mpaka kwenye mabeseni ya kokoto yaliyoota mboga, kisha maji yanarudi chini kwa samaki yakiwa safi. Samaki anailisha mboga, mboga inamsafishia samaki nyumba yake. Lo! Niliitazama ile video mpaka ugali ukapoa. Maji, pampu na mabomba? Nikasema hii kazi imeumbwa kwa ajili yangu.

Nikakata mapipa, nikatoboa mabomba, nikabeba kokoto kwa ndoo mpaka mabega yakachubuka. Nikatia sato wadogo sitini. Majirani walikuja kuchungulia. “Fundi, ziwa lile pale chini, wewe unajenga lako juu ya jiwe?” Nikawaambia subirini muone.

Mama alivuta kiti chake akakaa karibu, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona macho yake yamechangamka. Alitaka kujua kila kitu. Maji yanapanda kwa nini? Samaki analala saa ngapi? Kisha akauliza, “Sasa hizi mboga zinakula nini?”

“Zinakula kinyesi cha samaki, mama.”

“Kibichi hivyo hivyo?”

Mwanangu, sikujua. Lakini nikajibu, “Ndiyo, hivyo hivyo,” kwa sauti ya mtu anayejua. Akaguna tu. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza. Mjinga alikuwa aliyejibu.

Mwanzoni mboga zilidumaa, halafu zikachangamka zenyewe. Sukuma wiki ikatoa majani mapana, mchicha ukajaza beseni. Kila asubuhi mama alikuwa wa kwanza uani, anagusa jani moja moja na kuongea nayo Kisukuma. Habari za Usagara zikakoma. Nami nikalala usingizi mzuri.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonikera. Kokoto zilishika utelezi wa kahawia, na nikifungua mabomba, ndani nako utelezi mtupu. Kwa fundi bomba, hiyo ni aibu. Mteja akiuona utelezi kwenye bomba lako, jina limekwisha. Basi Jumapili moja mama akiwa kanisani, nikatoa kila kitu. Nikasugua kokoto kwa sabuni ya unga, nikazimwagia dawa ya kutoa madoa, nikapitisha brashi kwenye kila bomba. Maji ya zamani nikayamwaga yote, nikajaza ya bomba papo hapo, yakinukia dawa. Jamani, paling'aa! Mama aliporudi alisimama mlangoni na kanga yake ya kanisani. “Umeosha?” akauliza. Nikasema nimeosha, mama, paone palivyo. Akageuka, akaingia ndani.

Kufika jioni, samaki walikuwa wanahema juu ya maji, midomo wazi. Siku ya tatu nikaanza kuwaopoa. Siku ya tano walikuwa wamebaki kumi na sita, na sukuma wiki imegeuka njano. Jirani mmoja akanipigia kelele ukutani, “Fundi, leo mboga gani, sato au sato?” Ningeweza kumjibu, lakini nilikuwa namtazama mama. Mawingu yalikuwa yameshatanda juu ya ziwa, naye alikuwa anakunja nguo zake anazitia kwenye begi.

Nikamfuata. Akaniambia kaa chini, nikakaa sakafuni kama mtoto.

“Nilikuuliza kama mboga zinakula kinyesi kibichi, ukasema ndiyo. Mimi nimelima. Samadi mbichi inaunguza mboga. Inaachwa kwanza ipikike. Humo kulikuwa na kitu kinaipika, na hukukijua, ukakiita uchafu.” Akakunja gauni jingine. “Na kibuyu changu ni hivyo hivyo. Nilipewa na mama yangu. Hakijawahi kuona sabuni, kwa sababu tone la jana ndilo linalogandisha maziwa ya leo. Wewe ulikitupa. Hata hukuniuliza.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa. Machozi yalinitoka, mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema, “Mama, nisamehe.”

“Nimekusamehe. Lakini maziwa hayagandi kwa msamaha.”

Hapo, mwanangu, ndipo nilipouliza swali langu la kwanza la kweli mwaka ule. “Sasa mama, mwanzo huo wa kugandishia ukipotea, mnafanyaje?”

Akaniangalia kidogo. “Unakwenda kuomba kwa mwenzio. Mdogo wangu alipoolewa nilimgawia tone kutoka kibuyu hicho hicho. Mpaka leo anagandishia.”

Kesho yake sikwenda kazini. Nilianza Luchelele, kwa mzee mmoja mwenye mabwawa ya samaki kando ya ziwa. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote bila kuficha. Alicheka mpaka akashika mti. “Marahaba. Kwa hiyo fundi bomba umekuja kuniomba uchafu?” Nikasema ndiyo, mzee, tena ule unaoteleza sana. Alinieleza kwamba ndani ya utelezi ule kuna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyogeuza kinyesi kikawa chakula cha mboga, na sabuni inaviua. Na maji ya bomba niyaache wazi siku mbili dawa itoke ndipo niyatie. Akanijazia ndoo ya kokoto chafu kutoka kwenye kisafishio chake cha maji, akakataa hata soda.

Kutoka hapo nikaenda Usagara kwa mama mdogo. Akanipa kibuyu cheusi, kimechacha, na maziwa kidogo chini.

Nilipofika nyumbani mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka, na mama yuko kwenye ngazi, begi liko miguuni. Nikaweka ndoo kushoto na kibuyu kulia. Akatia kidole kwenye kokoto, zikateleza. Akazibua kibuyu, akakinusa, akafumba macho.

“Ni mwanzo ule ule wa mama,” akasema. Kisha akalisukuma begi kwa mguu. “Hili rudisha juu ya kabati.”

Samaki wale kumi na sita walinenepa. Mama aliishi nasi miaka sita zaidi, na aliondoka duniani kutoka kitanda chake cha Mabatini, watu wamemzunguka.

Basi mwanangu, nakuona unajenga na kubomoa, nami sikukatazi. Jaribu, toboa, kosea. Lakini ukikuta kitu usichokijua kinafanya kazi gani, usikisugue, usikitupe. Uliza. Na mtu mzima akihamia kwako, usimpokonye vyake ukadhani unamtunza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukishaharibu, usiishie kuomba radhi. Nenda kaombe mwanzo kwa mwenzio, urudi uanze upya.

Kile kibuyu kiko pale dirishani, leo ni chako. Mungu akupe mikono inayootesha na sikio linalosikia, na nyumba yako isikose tone la jana.