Fundi Masalu na Saa ya Mzamiaji

Spea za saa za zamani haziuzwi dukani. Zimelala kwenye droo za mafundi waliokwisha kufa, na anayezitaka lazima ajue nani kafa, wapi, na mjane wake ni mtu wa namna gani. Fundi Masalu alilijua hilo kuliko mtu yeyote Mwanza. Miaka thelathini na moja alikuwa na meza yake barazani pa duka la vitenge, Makoroboi, na akisikia fundi wa Bukoba au Kisumu amefariki, alifunika meza, akaenda kuzika, akakaa msibani kwa adabu zake zote, na kabla ya kuaga akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliacha makopo. Wenzake walimtania kwamba anajua ratiba ya Israili mtoa roho. Hakujali. Ndani ya makopo hayo ndimo alimopata vioo, mishale na vile vitufe vya kutilia ufunguo ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza kabla watoto wake hawajazaliwa.

Ugonjwa wake hasa ulikuwa saa za wazamiaji: nzito, za chuma, zenye pete ya kuhesabia dakika za chini ya maji. Kanda ya Ziwa nzima, wenye saa kama hizo ungewamaliza kwa vidole vya mkono mmoja.

Mmoja wao alikuwa Gidion Okwach, aliyekuwa akizamia bandarini kukata nyavu zilizojiviringisha kwenye panga za meli. Saa yake alipewa na mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, naye hakuivua tena, hata kanisani. Alipofariki, mkewe Rozina aliipitisha kwa Masalu kabla ya kurudi nyumbani Shirati. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kitufe cha pembeni. Kilikuwa hakikazi tena, na siku yoyote maji yangepenya. Masalu alimweleza kwamba cha bandia hataweka, atamtafutia chenyewe. "Nenda salama, mama," akamwambia. "Nikipata, nitakupigia." Akaandika namba ya Rozina kwenye karatasi, akaikunja pamoja na saa, akaitia kwenye kopo.

Tusimwonee, alitafuta kweli. Aliuliza Kampala, akauliza Kariakoo, akaweka picha kwenye kundi la mafundi la WhatsApp. Cha Kisumu kilikuja kikiwa kinene mno. Cha Kariakoo kilimeremeta vizuri sana, dalili ya bandia, akakirudisha siku hiyo hiyo. Kila mwezi aliwaza kumpigia Rozina, na kila mwezi aliona aibu. Fundi gani anampigia mteja kumwambia hana kitu? Akanyamaza. Na Rozina naye akanyamaza. Mwaka ukaisha, wa pili nao ukaisha.

Hapo ndipo Masalu alipokosea, tena kwa akili zake timamu. Yeye ni mtu wa Magu. Kwao, siku ya kuondoa matanga vitu vya marehemu hugawiwa, na asiyetokea kuchukua fungu lake amelikataa. Akajiambia kwamba watu waliokaa miaka miwili bila kuulizia hawaitaki. Mwaka wa tatu akaja rubani mmoja anayeishi Ilemela, na saa pacha na ile, mashine yake imeliwa na kutu. Masalu akalitazama kopo. Akaichomoa mashine ya Gidion, akaipachika kwenye saa ya rubani, nayo ikaenda palepale. Rubani alimkumbatia, akampiga picha, na picha ikazunguka kwenye kundi la mafundi wiki nzima. Masalu alifurahi sana siku ile. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote sasa.

Rozina alikuja Jumanne moja asubuhi, mwaka wa tano wa msiba. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akauliza habari za nyumbani kwanza. Kisha akaeleza. Katika ukoo wa Gidion, vitu vya marehemu haviguswi mpaka kaburi lake lijengwe kwa saruji, nao walikuwa wakinunua mfuko mmoja mmoja. Sasa lilikuwa limekamilika. Jumamosi padre angelibariki, na mbele ya ukoo mtoto wa kwanza angevishwa saa ya baba yake, ajulikane kuwa ndiye mwenye mji. Kwa nini hakuulizia miaka yote hiyo? Kwa sababu fundi alisema atapiga, na mtu anayekutafutia kitu hasumbuliwi.

Masalu angeweza kudanganya. Ile mashine yenye kutu alikuwa nayo bado. Angeitia ndani ya saa ya Gidion na kusema saa imezeeka, mama, imekufa yenyewe. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alipomtazama mama yule alivyoketi, ameamini kila kitu, alishindwa, akasema yote tangu mwanzo. Akampigia rubani hapohapo, simu ikiwa kwenye spika. Rubani alisikitika kistaarabu kabisa: saa alishaiuza Nairobi tangu Krismasi.

"Nitatafuta mashine nyingine, mama. Nikipata nita..." Masalu akaanza.

"Ungenipigia tu," Rozina akasema. "Ungesema hujapata. Ningejua basi kwamba ipo."

Hakuwa na hasira, na Masalu alitamani angekuwa nayo. Akamwambia anaweza kuweka mashine ya betri ya Kichina, saa itakwenda vizuri kuliko zamani. Rozina akatikisa kichwa.

"Hiyo itakuwa saa yako, baba. Mwanangu avae ya baba yake. Ifunge tu hivyo hivyo."

Basi Masalu akatia mashine mbovu ndani, akarudisha uso na mishale, akauliza aisimamishe saa ngapi. Rozina akajibu bila kusita: saa nne kamili, kwani ndipo ibada ingekuwa imefika kwenye kuvishwa, na atakayechungulia ataiona iko sawasawa. Masalu akausogeza mshale wa dakika mpaka kwenye kumi na mbili. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua tangu aanze kazi.

Alipompa, Rozina aliifuta kwa kanga, kisha akaiinua akaiweka sikioni, wafanyavyo wateja wote. Masalu alitaka kumwambia aache. Yule mama alikaa nayo hivyo kwa muda mrefu.

"Alikuwa analala mkono wenye saa hii uko chini ya kichwa changu," akasema. "Miaka ishirini na sita nilikuwa naisikia."

Akaifunga kwenye kitambaa, akaaga kwa heshima, akaenda kuwahi basi la Shirati.